Kupika

Kwetu Uvinza kupika ni neno la heshima.
Baba amepika chumvi miaka ishirini na miwili:
maji ya chemchemi kwenye sinia la chuma,
kuni chini, moshi machoni,
mpaka maji yakate tamaa yaondoke
na weupe ubaki ukinung'unika peke yake.

Mimi nilijifunza kupika kitu kingine.

Maabara yetu ilikuwa darasa lililowekewa masinki,
na masinki hayakuwahi kuona maji.
Tuliyachota Ruchugi kwa ndoo,
tukayachuja kwa kipande cha kanga,
tukayaita, bila haya, maji yaliyokenekwa.
Bureti tatu, sisi arobaini na mmoja.
Moja ilikuwa na koki iliyozibwa kwa sabuni ya mche.
Jiko la mafuta ya taa ndilo lililokuwa mwali wetu wa buluu,
siku ambazo halikutoa mwali mwekundu na masizi.
Na tindikali, ikija, ilipimwa
kama dawa ya mtoto mchanga.

Kwa hiyo tulifanya taitresheni mara moja tu.
Ya pili na ya tatu tulipika.
24.50, halafu 24.40, halafu 24.50:
tofauti ndogo, yenye adabu.
Leokadia ndiye aliyekuwa mpishi hasa.
Aliunguza kidogo namba ya kwanza
ili zinazofuata zionekane zimeiva.

Mwalimu Rusimbi alikusanya madaftari, akasoma amesimama.
Hakufoka.
"Wewe, mtoto wa Bunyoni,
baba yako akiishiwa kuni
huandika kwenye gunia kwamba chumvi imeiva?"

Darasa lilicheka. Leokadia alicheka hadi akakohoa.

"Umepima mara moja, andika moja.
Chini yake andika kwa nini.
Na ukisoma, kunja magoti.
Jicho lishuke mpaka lilingane na bonde la maji.
Maji hayatakuinukia."

Basi tukakunja magoti, muhula mzima,
arobaini na mmoja kwa zamu mbele ya vioo vitatu,
tukisubiri uwaridi hafifu
ambao ukihesabu thelathini bado upo.

*

Chuoni Dar es Salaam kila mtu ana bureti yake.
Mizani ina tarakimu nne baada ya nukta,
ukihema karibu nayo inabadili mawazo.
Wiki ya kwanza sikujua kuwasha chochote.
Kabati la kunyonya moshi nilidhani ni friji.
Kijana mmoja wa shule ya ada kubwa
alinionyesha swichi kwa upole
ulioniuma kuliko dharau.

Wiki ya tatu:
21.30.
21.35.
22.90.

Saa ukutani inakimbia, watu wanaosha vyombo.
Yule kijana anainama sikioni:
"Weka 21.30. Nani atajua?"
Hana ubaya. Ananionea huruma.
Kalamu yangu inajua njia, imeshapita huko,
mkono umeshaanza kuandika mbili, moja...

Nikakunja magoti.
Ilikuwa 22.90. Nikasimama, nikakunja tena.
22.90, na kwenye ncha ya kioo
pengo dogo mahali ambapo hewa ilikuwa imejificha,
ikatoka katikati ya kazi, maji yakachukua nafasi yake.
Nikafuta ile mbili na moja.
Nikaandika nilichokiona, na chini yake:
"Kiputo kwenye ncha. Nimekigundua nimechelewa.
Tindikali haikutosha kurudia."

Nilipata sita. Yeye alipata tisa.

Usiku nilimpigia baba.
Akauliza, sita kati ya ngapi. Nikamwambia.
Akanyamaza,
nikasikia kuni zikipasuka nyuma ya ukimya wake.
"Huko," akasema mwishowe, "maji mnachota wapi?"
Yanatoka bombani, baba.
"Bombani,"
akarudia taratibu,
kama mtu anayeonja.